Kabla Hujatoboa Bampa

(Maelezo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita usiku, baada ya taarifa ya habari. Tunayachapisha kama yalivyosomwa.)

Jumapili iliyopita tulizungumza mambo mazito, na barua zenu nimezipata. Leo naomba tupumzike na siasa kidogo, tuzungumze juu ya matundu mawili. Ni matundu madogo, kila moja halizidi unene wa penseli. Lakini katika mtaa ninaoishi mimi, hapa hapa Dar es Salaam, matundu hayo mawili yalimliza mama mtu mzima mchana kweupe.

Mama huyo ni jirani yangu. Alifundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini, na mpaka leo mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, tunamwita Mwalimu. Mumewe ni mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki hana budi kwenda hospitali kusafishwa damu, na wanaouguza wagonjwa wa namna hiyo wanajua hali anayokuwa nayo mtu akitoka pale: amechoka, hana nguvu, na jua la saa nane linamuelemea kama mzigo. Kwa muda mrefu walikuwa wakienda na kurudi kwa bajaji. Basi Mwalimu alipopata kiinua mgongo chake, akaongeza na alichokuwa amekiweka kwenye kikoba, akaagiza kigari kidogo kilichotumika kutoka Japani. Hakukiagiza kwa fahari. Alikiagiza kwa sababu kina viyoyozi, mzee apate kulala kwenye kiti cha nyuma kwa ubaridi mpaka nyumbani.

Gari likatoka bandarini, ushuru ukalipwa, usajili ukakamilika, na Mwalimu akakabidhiwa vibao vyake viwili vya namba, vya rangi ya manjano, vikiwa bado vinanukia upya. Akaambiwa atafute fundi wa kuvifunga. Fundi hakuwa mbali. Alikuwa kijana amekaa chini ya mwarobaini kando ya barabara, drili mkononi. Bei elfu tatu, muda dakika tano.

Kibao cha nyuma kilikaa vizuri. Cha mbele kilikuwa kirefu kuliko nafasi iliyokuwapo, kwa hiyo kijana akakishusha chini kidogo, akakiegemeza kwenye bampa, akatoboa kulia, akatoboa kushoto. Tundu la pili lilipotoka, drili iliteleza ikazama yote ndani, na ikasikika sauti: ssssss. Mwalimu akauliza, "Mwanangu, hiyo ni nini?" Kijana akajibu, "Hewa tu hiyo mama, itaisha."

Na kweli iliisha, msikilizaji. Iliisha gesi yote ya kiyoyozi. Drili ilikuwa imepita kwenye bampa ikaingia kwenye kondensa, ile sahani yenye vijibomba vyembamba inayokaa mbele ya rejeta. Fundi wa viyoyozi alipoliangalia gari siku ya pili, alitaja gharama ambayo ingetosha kulipia bajaji za hospitali kwa miezi kadhaa. Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akalia. Akaniita, nami nikaenda nikamwamkia. Akaniambia: "Marahaba mwanangu. Wewe kila siku unawauliza mawaziri maswali kwenye hiyo redio yenu. Hebu niulizie hili moja tu. Hivi ni lazima watoboe?"

Swali hilo nililichukua kama kazi. Nimewauliza mafundi bodi, nimemuuliza mtengenezaji wa vibao, nimemuuliza askari wa usalama barabarani, na nimelala chini ya magari kadhaa nikiwa na tochi, mpaka mke wangu akaanza kuuliza maswali yake. Jibu nililolipata ndilo ninalowaletea usiku wa leo. Kwa magari mengi tunayoyaendesha hapa kwetu, jibu ni kwamba si lazima.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Pengine msikilizaji atasema, ikiwa kibao cha mbele kinaleta taabu yote hii, si kiachwe tu, kibaki cha nyuma? Wako wenzetu duniani wanaofanya hivyo. Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina sheria yake. California na Texas wanadai vibao viwili. Florida na Pennsylvania wanaridhika na cha nyuma peke yake. Jimbo la Ohio lilikuwa likidai viwili, likafuta cha mbele kuanzia tarehe 1 Julai 2020, huku wakuu wa polisi wakilalamika kwamba wanapunguziwa macho. Ndiyo maana kule mtu akihama jimbo na gari lake, ghafla anatakiwa kufunga kibao mbele ya bampa ambalo halijawahi kutobolewa, naye huanza kuhangaika kama alivyohangaika Mwalimu.

Lakini sisi hapa sheria yetu inataka viwili, mbele na nyuma, na kwa maoni yangu inataka vizuri. Fikiri wewe ni mtoto wa shule unavuka barabara, au ni mama unauza ndizi kando ya njia. Gari linalokuja kukudhuru hulioni kwa nyuma, unaliona kwa mbele. Anayekugonga akarudi nyuma na kugeuza njia nyingine, kilichobaki kwenye kumbukumbu ya waliosimama pale ni uso wa gari, na kibao cha mbele ndilo jina lililoandikwa usoni. Jambo hili ni la zamani. Polisi wa Paris, kule Ufaransa, walianza kudai magari yawe na vibao mwaka 1893. Waingereza walipitisha sheria yao mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Magari yalikuwa machache wakati ule, lakini watu walikwisha kuona kwamba chombo chenye nguvu namna hiyo hakifai kupita mitaani bila jina.

Kwa hiyo kibao cha mbele lazima kiwepo, kionekane, kisomeke, na kisidondoke. Tunachotafuta ni namna ya kukifunga bila kulijeruhi gari.

Sasa tuje kwenye chanzo cha taabu yenyewe. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Kibao cha Kijapani ni kifupi na kipana: upana wake sentimita 33, na kimo chake sentimita 16 na nusu. Sisi kibao chetu cha mbele kwa kawaida ni kirefu na chembamba, karibu nusu mita. Gari linapoondoka Japani vibao vyake huvuliwa na kurudishwa serikalini kwao, lakini mahali pa kuvifungia panabaki. Chungulia katikati ya bampa la mbele la gari lako. Mara nyingi utakuta matundu mawili yenye nati ndani yake, yamepishana sentimita 21 kutoka kati hadi kati. Pengine yamezibwa na vumbi, pengine bolti zake zimeachwa humo humo. Bolti zake ni zile ndogo ambazo mafundi wetu huzifungua kwa spana namba kumi.

Hayo matundu, msikilizaji, kiwanda kilishakutobolea. Kiliyatoboa kikijua nyuma yake pana nini. Tatizo ni kwamba matundu ya kibao chetu hayalingani nayo, na kijana wa chini ya mwarobaini, badala ya kutafuta kitu cha kuunganisha hayo mawili, anaona rahisi kutoboa mengine.

Basi njia ya kwanza, na kwa magari ya Kijapani ndiyo njia bora, ni kutumia fremu au ubapa wa katikati. Ziko fremu za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri. Ukiikosa inayolingana, nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini. Kwake hakukosekani vipande vilivyobaki. Muombe ubapa wa urefu wa kibao chako, mnene wa kutosha usipinde kwa mkono. Autoboe katikati matundu mawili yaliyopishana sentimita 21, ili uingie kwenye nati za kiwandani kwa bolti mbili. Kisha kibao chako kifungwe kwenye ubapa huo kwa ribiti au skrubu. Kinachotobolewa hapo ni kipande cha alumini cha bei ndogo. Ukikosea, unatupa kipande, unakata kingine. Weka washa za mpira kati ya ubapa na bampa, visigongane na kukwangua rangi kila unapopita kwenye tuta.

Angalia pia kwamba tundu lolote litakalopita kwenye kibao lisiguse herufi wala tarakimu. Kichwa cha skrubu nyeusi kikikaa vibaya kinaweza kuifanya sifuri ionekane nane, na hapo utakuwa umejitafutia maelezo mengi kwa askari.

Njia ya pili inahusu zaidi magari ya Ulaya, na baadhi ya magari mapya ya Kijapani pia. Kwenye bampa la mbele, upande mmoja, utaona kifuniko kidogo cha mraba au cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa kubwa. Kibenue taratibu kwa kitu kisichokwangua. Nyuma yake kuna tundu lenye nyuzi za kukaza, limeunganishwa na chuma cha gari lenyewe. Hapo ndipo hufungwa ndoano ya kuvutia gari likiharibika. Wenye akili wametengeneza mkono wa chuma unaokazwa kwenye tundu hilo, na kibao kinakaa juu ya mkono huo. Bampa haliguswi hata kidogo.

Ila tahadhari mbili. Nyuzi za matundu hayo hazifanani gari kwa gari, na kwenye baadhi ya magari ya Ulaya zinakazwa kuelekea kushoto, kinyume cha tulivyozoea. Kabla hujanunua, chukua ndoano ya gari lako mwenyewe, ambayo kwa kawaida iko kwenye buti pamoja na jeki, uende nayo dukani ukalinganishe. Ukilazimisha nyuzi zisizo zake, utaharibu tundu, na siku gari likikwama Kibaha usiku hutakuwa na pa kufunga kamba. Tahadhari ya pili, kibao kitakaa upande badala ya katikati. Hakikisha kimesimama wima, hakijainama, na hakizibi taa.

Njia ya tatu ni kutumia shoo, yaani ule wavu ulio mbele ya rejeta. Unachukua vipande viwili vya bati jembamba lisiloshika kutu, unaviweka nyuma ya wavu, na bolti zinatoka mbele kupitia nafasi zilizopo, zinashika kibao. Kwa lugha nyepesi, wavu unabanwa katikati kama mkate unavyobanwa na vidole. Hakuna kinachotobolewa, na ukitaka kuuza gari unafungua bolti, wavu unabaki kama ulivyotoka kiwandani.

Wengine hutumia vile vikamba vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya. Navyo vinafaa, kwa masharti. Nunua vyeusi, maana vyeupe jua letu huvikausha upesi vikakatika kama majani makavu. Weka vinne badala ya viwili. Na kila mwaka, hata kama vinaonekana vizima, vikate uweke vipya. Ni gharama ya soda moja.

Kwenye shoo pia kuna mambo ya kuangalia. Wavu uko pale ili rejeta ipate upepo, kwa hiyo kibao kisizibe sehemu kubwa ya njia ya hewa, hasa kama gari lako lina kawaida ya kuchemka. Magari ya miaka hii ya karibuni nayo yana vifaa vya kupima umbali wa gari la mbele, vimefichwa nyuma ya nembo au ndani ya bampa. Kibao cha bati kikikaa mbele ya kifaa hicho, kifaa kinapofuka, na gari linaanza kupiga kelele za onyo bila sababu. Vile vijiduara vidogo kwenye bampa, vinavyolia unapokaribia ukuta, navyo viache wazi.

Njia ya nne ni gundi ya tepu yenye pande mbili. Hapa naomba msikilizaji anisikilize vizuri, maana ndiyo njia ambayo watu wengi huikimbilia, na ndiyo inayoangusha vibao vingi barabarani. Tepu nzuri, ile nene yenye sponji, ina nguvu ya ajabu ikiwekwa inavyotakiwa. Lakini haikupi nguvu hiyo juu ya vumbi, juu ya mafuta ya kung'arishia gari, wala juu ya maji. Osha mahali hapo kwa sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi. Bandika, kandamiza kwa nguvu kwa nusu dakika kila sehemu, halafu liache gari lipumzike. Gundi hizi hazifikii nguvu yake kamili siku ile ile. Ipe siku nzima, na zikipatikana tatu ni vizuri zaidi, bila kuosha gari. Na utakapoliosha, mwambie kijana wa kuosha asielekeze bomba lenye presha kwenye kibao.

Tatizo jingine ni umbo. Kibao ni bapa, na bampa limepinda. Ukibandika kibao kwenye mpindo, tepu inashika katikati tu, pembeni kuna hewa. Kila upepo wa barabara kuu unaingia pembeni na kukivuta. Kwa hiyo anayetumia tepu aongeze ulinzi: uzi mwembamba wa waya kutoka nyuma ya kibao kwenda kwenye wavu, ili tepu ikishindwa kibao kining'inie badala ya kupotea. Na siku ukitaka kukitoa, usikingoe kwa bisibisi. Ipashe tepu moto kwa ile mashine ya kukaushia nywele saluni, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya kibao, uuvute huku na huku kama msumeno. Kitatoka, na rangi itabaki.

Sasa niseme yasiyofaa. Wako wanaouza sumaku. Sumaku hushika chuma, na bampa la gari la leo ni plastiki, kwa hiyo sijui itashika nini. Wako wanaoweka kibao juu ya dashibodi, nyuma ya kioo. Kibao hicho hakisomeki jua likiwaka kwenye kioo, na ukifunga breki za ghafla bati lile lenye ncha linaweza kumrukia mtu. Wako wanaokikunja kifuate mpindo wa bampa. Kibao kilichokunjwa hakisomeki kutoka pembeni, na askari hana sababu ya kukuamini kwamba hukukusudia kuficha namba.

Msikilizaji, haki ni haki. Nilirudi kwa yule kijana wa mwarobaini, nikamsikiliza na yeye. Aliniambia hivi: "Kaka, mteja anakuja ana haraka, gari halijawashwa injini vizuri, anataka elfu tatu ipungue iwe elfu mbili. Nikimwambia asubiri nikamtafutie ubapa wa alumini, anaenda kwa mwenzangu." Kuna ukweli katika maneno hayo. Tunayo mazoea ya kununua gari kwa mamilioni halafu kubishana na fundi kwa shilingi elfu moja. Anayelipia dakika tano atapata kazi ya dakika tano.

Akasema na jambo jingine ambalo lilinifanya nifikiri. "Kilichotobolewa na kupigwa ribiti kwenye gari hakiibiwi kirahisi. Hizo bolti zenu mtu anafungua kwa spana moja." Hilo nalo ni kweli, na si jambo dogo. Sote tunajua kwa nini wenye magari katika mji huu huandika namba zao kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa. Kibao kikidondoka au kikiibiwa, hasara haiishii kwenye bei ya kutengeneza kingine. Mtu akikipachika kwenye gari lake, yeye anatembea kwa jina lako. Ushuru wa maegesho katika miji yetu siku hizi unaandikwa kwa namba ya gari, na makosa ya barabarani vile vile. Unaweza kukaa nyumbani kwako umelala, deni linaongezeka kwa gari ambalo halijatoka nje ya geti.

Wajapani waliliona hilo zamani. Kwenye kibao chao cha nyuma, bolti ya upande wa kushoto hufunikwa na muhuri wa serikali, na huwezi kukitoa kibao bila kuuvunja. Sisi tunaweza kufanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kibao na kipigwe ribiti kwenye ubapa wa alumini, na ubapa ufungwe kwenye gari kwa bolti ambazo kichwa chake kinahitaji spana ya pekee. Zinapatikana madukani. Mwizi mwenye spana ya kawaida atahangaika, na anayehangaika anaonekana. Na kibao kikipotea, usisubiri wiki. Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, upate maandishi yanayoonyesha tarehe. Maandishi hayo ndiyo yatakayokutetea.

Pengine kuna msikilizaji ambaye gari lake halina tundu la kiwandani, halina mahali pa ndoano, na shoo yake ni nyembamba. Yeye atalazimika kutoboa, na simlaumu. Lakini basi atoboe kama mtu anayejua hasara. Amulike kwanza kwa tochi kutoka chini, ajue nyuma ya mahali pale pana nini. Azungushie tepu ya rangi kwenye ncha ya drili, aache sehemu ndogo tu mbele, iwe alama kwamba hapa ndipo mwisho wa kuzama. Aanze na ncha nyembamba, na asiegemee drili kwa uzito wa mwili. Kazi hiyo inahitaji dakika ishirini badala ya tano, na dakika hizo kumi na tano za ziada ndizo zilizokosekana siku ya Mwalimu.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Tundu nalo halirudishwi. Utaliziba kwa gundi, utalipaka rangi, lakini siku ya kuuza mnunuzi atalipapasa kwa kidole na kukukata bei. Na ikiwa gari si lako, ikiwa ni la mwajiri, au ni la mkataba ambalo bado hujamaliza kulilipia, tundu hilo umelitoboa kwenye mali ya mwenzio. Madereva wa teksi wanaonisikiliza usiku huu wananielewa. Kabla fundi hajawasha drili, muulize tajiri wako, na muulize fundi swali lile lile la Mwalimu: hivi ni lazima utoboe?

Mwalimu mwenyewe anaendeleaje? Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikwenda kwake na kipande cha alumini nilichopewa bure na fundi wa madirisha. Yule kijana wa mwarobaini nilimkaribisha aje, akaja. Tulipofuta vumbi katikati ya bampa, matundu mawili ya Kijapani yalikuwa pale pale, yametulia, na nati zake ndani hazina hata kutu. Kijana aliyaangalia muda mrefu. Kisha akachukua spana namba kumi, akafunga ubapa mwenyewe, akapiga kibao ribiti, akakitikisa kwa mkono. Hakikucheza. Alipomaliza alikataa malipo, akainama akamwambia Mwalimu, "Nisamehe mama, sikuangalia." Mwalimu akamjibu kwa sauti ile ya darasani: "Siku nyingine, mwanangu, uangalie kwanza."

Matundu yake mawili mabaya yako chini ya ubapa, hayaonekani. Lakini kondensa bado haijanunuliwa. Mwalimu ameanza upya kuweka kidogo kidogo kwenye kikoba, na mpaka fedha zitakapotimia, mara tatu kwa wiki kigari kile kinapita mtaani kwetu saa nane mchana, vioo vyote vimeshushwa, mzee amelala kwenye kiti cha nyuma na taulo lililoloweshwa maji kifuani.